Nanga Yang'oka: shajara ya kutengeneza katuni ya shujaa wa bandari ya Tanga

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kutengeneza kitabu cha katuni mjini kwake, kwa Kiswahili na kwa fedha kidogo. Chetu ni kurasa 32 za A5, nyeusi na nyeupe, zenye jalada la rangi. Kisa mama ni A Christmas Carol cha Charles Dickens, kilichotoka London tarehe 19 Desemba 1843: Ebenezer Scrooge, mzee bahili, anatokewa usiku wa kuamkia Krismasi na mshirika wake marehemu, Jacob Marley, kisha na mizimu watatu wa Krismasi iliyopita, ya sasa na ijayo. Asubuhi anaamka amebadilika. Kwetu bahili huyo ni shujaa mwenye nguvu za ajabu, na mji ni Tanga.

11 Juni 2024: Kisa ni cha nani

Dickens alifariki mwaka 1870. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inailinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kisa kiko huru. Mashujaa wa Marekani hawako huru. Hakuna kinyago chenye masikio, hakuna herufi kifuani, hakuna "Batman wa Chumbageni", hata kwa mzaha.

Wazo lenyewe limeshafanywa na wengine. Batman: Noël ya Lee Bermejo, iliyotolewa na DC Comics mwaka 2011, imempa Batman nafasi ya Scrooge, na nafasi za mizimu zikachukuliwa na Catwoman, Superman na Joker. Tuliisoma mapema ili tusije tukaifuata bila kujua. Pale mizimu wanafanya kazi kwa sababu msomaji amewajua wahusika hao miaka mingi. Shujaa wetu amezaliwa ukurasa wa kwanza, hana rafiki wala adui anayejulikana. Basi mizimu wetu lazima watambulike kwa mji wenyewe: reli, jiko, jua. Uamuzi huu ndio ulioamua karibu kila kitu kilichofuata.

25 Juni: Nguvu zake na ubahili wake

Shujaa anaitwa Nanga. Anachokishika hakisogei. Zamani, kabla ya bandari kuchimbwa, meli kubwa zilitia nanga katikati ya ghuba na shehena ikaletwa gatini kwa matishari; ndipo alipokuwa na kazi, kuzituliza meli upepo ukichafuka. Sasa gati limechimbwa hadi kina cha mita 13, meli zinafunga ukutani, na hakuna anayemwita. Amebaki kukamata vibaka usiku, na hilo tu ndilo analolihesabu kuwa wema. Vazi lake la kamba za katani na minyororo linashonwa na fundi wake, Bernadi, baba wa mtoto mgonjwa, Timo.

Mswada wa kwanza ulimfanya bahili wa pesa. Haukusimama. Kila aliyeusoma aliuliza shujaa amezipata wapi pesa hizo, na kurasa mbili zikaliwa na maelezo ya utajiri wake. Tukazifuta. Anachokibania ni nguvu zake, muda wake na salamu yake.

Salamu ndiyo iliyookoa sehemu ya kwanza. Mwanzoni alikuwa anafoka "Upuuzi mtupu!" kila anapoombwa jambo, na wasomaji wakamwona mzee mkali wa kawaida, mwenye haki ya kufoka. Tukamnyamazisha. Fremu ya kwanza: Bernadi mlangoni, kofia mkononi, puto lake la maneno "Shikamoo, Mzee." Fremu ya pili: ukubwa uleule, pembe ileile, hakuna puto. Kofia bado iko kifuani, na Nanga anapima fundo la kamba. Hakuna ukatili uliotusaidia kuliko ile nafasi nyeupe ambamo "marahaba" ingekaa. Inarudiwa kwa watu wanne katika kurasa saba, na asubuhi ya Krismasi neno lake la kwanza ni hilo.

9 Julai: Daftari la madeni

Anayetaka kuiga mradi huu aanzie hapa. Kisa cha Dickens kinashika kwa sababu kila alichokinyima Scrooge katika sehemu ya kwanza kinalipwa katika ya tano, tena kwa mtu yuleyule. Anawafukuza mabwana wawili wanaochangisha kwa ajili ya maskini; asubuhi anamnong'oneza mmoja wao kiasi kikubwa na kusema ndani yake mna malimbikizo ya nyuma. Anakataa mwaliko wa mpwa wake Fred; jioni anabisha hodi. Anambania karani wake Bob Cratchit makaa ya mawe. Mwishoni anamwongeza mshahara na kumwagiza akanunue ndoo nyingine ya makaa kabla hajaandika herufi nyingine.

Chora jedwali la safu tatu: kilichonyimwa na ukurasa wake, mnyimwa, kinapolipwa na ukurasa wake. Jedwali letu la kwanza lilikuwa na madeni tisa na malipo manne. Matano yaliyobaki yalikuwa yanalipwa kwa fremu moja kubwa ya Nanga akikumbatiwa na umati, na umati hauwezi kupokea deni la mtu mmoja. Tulipunguza madeni hadi sita, na kila moja likapata fremu yake ya malipo. Fremu hizo mbili zichorwe kutoka pembe ileile ili jicho lilinganishe lenyewe bila maelezo.

Mgawanyo wa kurasa kwa sehemu tano uliotokana na jedwali: 7, 6, 8, 5 na 4. Jumla 30, pamoja na ukurasa wa jina la kitabu na mmoja wa mwisho. Kitabu cha kubanwa pini katikati lazima kigawanyike kwa nne. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya mswada, si baada yake.

30 Julai: Kwa nini Nanga hawezi kumponya Timo

Katika kisa mama Tim mdogo anatembea kwa gongo, na ugonjwa wake hautajwi. Sisi tumeutaja: seli mundu. Chembe za damu zikijipinda huziba mishipa midogo, maumivu yakaingia kwenye mifupa, na kichwa cha mfupa wa paja kikikosa damu kinaweza kuharibika, mtoto akachechemea. Gongo la Timo limepata sababu.

Rasimu moja ilikuwa na Nanga akimshika mtoto ili mauti yasimsogeze. Picha ilikuwa nzuri mno, na ilikuwa uongo mbaya kwa nyumba yoyote yenye mtoto wa namna hiyo. Iliondolewa. Timo anahitaji dawa kila siku, haidroksiyurea, na vipimo vya damu vinavyorudiwa. Baba yake anahitaji nauli, mshahara usiochelewa na ruhusa ya siku ya kliniki. Hivyo vyote viko mikononi mwa Nanga tangu ukurasa wa kwanza, na havihitaji nguvu za ajabu hata kidogo. Toba yake imekaa hapo. Kwenye ukurasa wa 29 anashika gari la wezi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anamkabidhi Bernadi mshahara na kumwambia awahi kliniki.

22 Agosti: Penseli

Kurasa zinachorwa A4 na kupunguzwa hadi A5, yaani asilimia 71. Mstari wa milimita 0.3 unakuwa takriban 0.2, chini ya hapo mashine ya fotokopi inaula.

Makosa yaliyorudishwa mezani yalikuwa ya marejeo. Mashamba ya mkonge ya utotoni mwa Nanga yalichorwa kila mche na mlingoti wake, yaani shina refu la maua. Mlingoti hutoka mche ukikaribia kufa. Shamba linalovunwa ni safu za majani makali, na milingoti michache. Kwenye korona, yaani kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, nyuzi zilizokwisha kusagwa zilichorwa zimerundikwa chini, kumbe huanikwa kwenye nyaya juani. Marekebisho haya yalitupa zawadi: safu za katani nyeupe zinazojaza fremu upana wote. London ya Dickens ina theluji na ukungu, Tanga ya Desemba ina joto na kaskazi, na hapo ndipo weupe wetu ulipopatikana.

Katika kurasa zinazoonyesha zamani za Nanga, meli ilikuwa imefungwa gatini. Ikasogezwa katikati ya ghuba, na tishari likawekwa ubavuni mwake.

Mnara wa saa pia. Mzimu wa kwanza anakuja saa saba usiku, na mchoraji akaelekeza mshale mfupi kwenye 7. Msomaji wa Kiswahili akitazama saa anaona mshale kwenye 1 ndipo anasema saa saba. Ukiuelekeza kwenye 7 ni saa moja, na mji mzima bado uko macho.

14 Septemba: Mzimu wa kwanza na wa pili

Kwa Dickens mzimu wa Krismasi iliyopita anatoka mwanga kichwani na amebeba kofia ya kuuzimia. Kwetu ni mlinzi wa reli, mwenye taa ya mkono yenye kifuniko. Nanga asiyetaka kuendelea kukumbuka anafunga kifuniko, na mwanga unapenya pembeni. Ukurasa huo ulichorwa bila shida yoyote.

Mzimu wa pili ni mama lishe mkubwa kama nyumba, amekaa mtaa wa Ngamiani, barabara ya 8 kati ya magoti yake. Mzimu wa Dickens hunyunyiza uvumba kutoka kwenye mwenge wake juu ya chakula cha maskini. Wetu ana chetezo cha udi, na moshi unaingia nyumba kwa nyumba, za Wakristo na za Waislamu. Mbuzi wa sikukuu anachinjwa na jirani Mwislamu ili sahani ya pilau iweze kuvuka ukuta. Mambo haya hayakuhitaji kubuniwa.

Kanga yake ndiyo iliyosumbua. Jina la kanga tulilochagua ni MGENI NJOO MWENYEJI APONE, lakini lilichorwa kwenye pindo. Mahali pake ni ndani ya mji, yaani eneo la kati la kanga, upande wa chini katikati, herufi kubwa. Kisha kanga iliyofungwa kiunoni inakunjika, na maneno yote hayawezi kuonekana kwa mara moja. Tulichora kwanza jina lote kwenye ukanda wa karatasi, tukaukunja kweli, tukaunakili ulivyo. Fremu ya kwanza inasomeka MGENI NJ, inayofuata NYEJI AP. Jina lote linaonekana mara moja tu, anaposimama na kuifungua kanga, na chini yake wamo wale watoto wawili wa Dickens, Ujinga na Uhitaji. Hawana viatu, na nyuso zao zimetazama kwa msomaji.

6 Oktoba: Wino, herufi, skani

Unyevu wa pwani unaifanya karatasi ya gramu 160 inywe wino na mstari utoe manyoya. Hifadhi karatasi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa pamoja na vipakiti vya kukausha vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, toa chache kwa wakati, na weka karatasi safi chini ya kiganja kwa ajili ya jasho.

Herufi hatukuandika kwa mkono. Ukubwa wa mwisho ni pointi 7.5, ndogo zaidi hazisomeki kwenye nakala ya bei rahisi. Maneno yetu ni marefu: HAWATAKUJULISHA peke yake linajaza mstari wa puto dogo. Puto lisizidi maneno 16. Ukilazimika kukata neno, kata baada ya vokali, usitenganishe mb, nd, ng' wala sh. Fonti ya bure tuliyochukua ilikuwa na nafasi pana pande zote za alama ya ng', hata jina la kitabu likasomeka YANG 'OKA. Inkscape, programu ya kuchorea, inaruhusu kusogeza herufi moja moja. Kila ng' ilivutwa kwa mkono.

Kivuli cha kijivu kilipakwa kwa wino wa maji. Skani ilikuwa safi, fotokopi ikakigeuza matope. Tukakibadilisha kwa nukta, lakini nukta zilizowekwa kwenye A4 zilipopunguzwa zikatoa mawimbi kwenye uso wa Bernadi. Mpangilio uliofanya kazi ni huu: skani mistari mitupu kwa dpi 600, ipunguze hadi A5, ndipo uweke nukta katika programu ya kuchorea ya Krita kwa ukubwa wa mwisho, mistari 45 ya nukta kwa inchi, pembe ya nyuzi 45, na faili liwe la nyeusi na nyeupe tupu.

27 Oktoba: Nakala za majaribio, na mzimu wa tatu

Nakala 12 za fotokopi. Kila moja ni pande 16 za A4 kwa shilingi 100 na jalada la rangi shilingi 1,000, jumla 2,600. Stapla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Tulinunua ya mkono mrefu kwa 45,000. Asiye nayo afungue stapla ndogo, apige pini juu ya kadibodi na kuzikunja kwa kijiko.

Sehemu ya nne ilianguka. Mzimu wa Krismasi ijayo kwa Dickens hasemi. Ni joho jeusi na mkono unaoelekeza. Tulimchora hivyo, na karibu kila msomaji akaona mama aliyevaa buibui. Wengine walisubiri aseme ni jamaa ya nani. Joho jeupe lilikuwa baya zaidi, kwa sababu lilikuwa sanda, na sanda ina mwenyewe.

Ufumbuzi ulitoka kwenye jua. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Desemba, jua likifika juu kabisa karibu saa sita na nusu mchana, linakuwa upande wa kusini, na kivuli cha mtu kinaangukia kaskazini kwa urefu wa theluthi moja ya kimo chake. Mji uko upande wa kusini wa ghuba, kwa hiyo ukisimama ufukweni ukitazama bandari, kivuli chako kinaelekea majini. Juni ni kinyume: jua liko kaskazini, kivuli kinaangukia mjini, na ni kirefu zaidi, kama nusu ya kimo.

Mzimu wa tatu sasa ni kivuli kisicho na mtu. Watu wamejaa ufukweni siku ya Krismasi, vivuli vyao vifupi vyote vimeelekea majini. Kimoja kimelala upande wa mji, kirefu kuliko vingine, kidole kimenyooshwa. Nanga anakikanyaga, na katika fremu inayofuata vivuli vyote vimegeuka: ni Juni, miezi sita mbele, na gongo la Timo limeegemezwa ukutani. Kurasa tano zilichorwa upya tangu penseli. Tulipozipeleka kwa wasomaji walewale, hakuna aliyetaja kaskazini wala kusini, ila kila mmoja alisema kuna kitu hakiko sawa na ardhi.

Angalizo kwa mchoraji: kanuni hii ikiingia, inatawala kitabu chote. Fremu kumi na moja za sehemu nyingine zilikuwa na vivuli vya mchana vilivyolala popote. Zote zilirekebishwa.

16 Novemba: Uchapaji

Nakala 300, ndani karatasi ya gramu 80, jalada la rangi: shilingi 2,900 kwa moja, 870,000 kwa zote. Tuliuliza pia bei ya kuongeza rangi moja ndani, nyekundu ya kanga na taa. Ilipanda hadi 4,600, yaani 510,000 zaidi.

Dickens mwenyewe alilipia uchapaji wa kitabu chake. Alitaka picha za John Leech zilizopakwa rangi kwa mkono, kingo za dhahabu na karatasi za ndani ya jalada za kijani. Kijani kikachafua, zikabadilishwa kuwa za njano. Nakala 6,000 za kwanza ziliisha kufikia mkesha wa Krismasi kwa bei ya shilingi tano za Kiingereza. Alitarajia pauni 1,000, akapata 230 hivi; gharama zilikuwa zimekula. Tumeiacha nyekundu.

Hesabu yote: karatasi za kuchorea 12,000, kalamu na wino 36,000, skani 16,000, majaribio 31,200, stapla 45,000, uchapaji 870,000. Jumla 1,010,200. Nakala 30 ni za kugawa mashuleni. 270 zikiuzwa kwa 4,000 zinaleta 1,080,000. Kinachobaki ni 69,800, na kazi ya mikono haijalipwa hata senti. Anayetaka kulipa wachoraji asianze chini ya nakala 1,000.

3 Desemba: Zimefika

Wino mweusi umeshika vizuri, nukta hazina mawimbi, ng' ziko mahali pake. Kasoro ni ya mkato. Karatasi nane zikikunjwa pamoja, za katikati zinatokeza nje, na kisu kinakula ukingo wao kwa milimita moja hivi. Kurasa za 16 na 17 zina puto lililokaribia kukatwa, lile ambalo Rehema, mpwa wa Nanga, anamwombea dua wakati wa chakula. Linasomeka, lakini limebanwa. Ukingo wa milimita 5 tulioacha unatosha kurasa za nje tu; katika Scribus, programu ya kupanga kurasa, kurasa za 13 hadi 20 zivutwe kuelekea kwenye mkunjo kwa milimita moja kabla ya kutoa faili la toleo la pili.